Mnatuambia tuache magari, basi lenyewe linakuja saa ngapi?

Foleni ikizidi, mabango hutundikwa: acha gari nyumbani, panda basi. Na hubandikwa kituoni pale pale pasipo na ratiba wala kivuli. Inaudhi, kwa sababu mwenye gari hakatai basi kwa maringo. Anachokataa ni kusubiri bila kujua mwisho.

Basi likipita kila dakika 10, anayefika kituoni bila kuangalia saa husubiri wastani wa dakika 5. Likipita kila dakika 30, wastani ni 15, na likimpita wakati anavuka barabara, ni nusu saa nzima. Halafu kuna balaa la mabasi kuandamana. La mbele likichelewa dakika 2 hukuta abiria wamejaa kituoni. Kuwapakia kunalichelewesha zaidi. La nyuma hukuta kituo kimebaki kitupu, linakimbia, mpaka linamfikia mwenzake. Ratiba inasema mabasi 6 kwa saa, lakini yakija mawili mawili, abiria anasubiri kana kwamba ni 3.

Ugonjwa huanzia mlangoni. Mama yuko ngazi ya kwanza, kikapu mkono mmoja, mwingine unapekua pochi kutafuta chenji, na nyuma yake wamepanga watu 39. Kila mmoja akichukua sekunde 5 kulipa, ni zaidi ya dakika 3 kituo kimoja, na taa iliyokuwa kijani imeshakuwa nyekundu. Curitiba, Brazil, walianza kulitibu hilo mwaka 1991 kwa vituo vyenye umbo la bomba: unalipa kabla basi halijafika, sakafu ya kituo iko sawa na ya basi, unaingia bila kupanda ngazi. Pasipo fedha za ujenzi huo, tiketi ziuzwe kituoni na milango yote ifunguliwe. Basi linalomkaribia mno mwenzake lishikiliwe kidogo. Kituo kikae baada ya taa, si kabla, basi likimaliza kupakia lisikwame kwenye taa nyekundu. Njia maalumu ya mabasi? Iwepo, na ilindwe.

Sawa, anayempeleka mgonjwa usiku wa manane aende na gari lake.

Wengine wapige hesabu kamili. Wengi hulinganisha nauli na mafuta tu; bima, maegesho na thamani inayoshuka hata gari likiwa limesimama hawavihesabu. Anza na safari ya kazini, siku mbili kwa wiki, saa ile ile. Ile ya kuunganisha mabasi mara mbili iache kwanza, maana ukikosa basi moja tu, safari yote imeharibika. Akiba kubwa haitoki kwenye siku hizo mbili. Inakuja pale nyumba yenye magari mawili inapouza la pili.

Nanyi wenye mabango, andikeni humo saa ya basi la kwanza, saa ya la mwisho, na dakika kati ya moja na jingine.