Kuyeyusha kwa mkono ama tununue mashine? Wacha niseme yangu

Kuna mabishano yamekuwa yakiendelea kati yetu sisi watu wa labu huku Kisumu na wenzetu wa upande wa Nakuru, na mimi nimenyamaza vya kutosha. Wao wanasema hii kazi ya kuyeyusha kemikali kwa themometa na bika ya maji moto ni ya kitambo, shule inunue mashine ya dijitali ama watoto waonyeshwe video tu wasonge mbele. Huku kwetu wazee wa kazi wanasema mtoto ambaye hajawahi kukodolea unga mweupe macho mpaka ukageuka maji, huyo kemia ameisikia tu kwa redio.

Kwa mwenye amesahau, hii ni test ya kiwango cha kuyeyuka, yaani joto (kwa digrii za Selsiasi) ambalo kitu kigumu hugeuka maji, na tunaitumia kutambua kitu na kujua kama ni safi. Yenyewe iko hivi. Unachukua kapilari, kale kamrija kembamba ka glasi kamezibwa upande mmoja, unashindilia unga urefu wa milimita 2 ama 3, unakafunga na raba kwa themometa, unaingiza kwa maji ama mafuta na unapasha moto polepole, yaani ukianza kukaribia joto lisipande zaidi ya digrii 1 ama 2 kwa dakika, na hapo ndio vijana huboeka wakaongeza moto. Unaandika namba mbili, pale tone la kwanza limetokea na pale punje ya mwisho imeisha. Kitu safi huanza na kumaliza ndani ya digrii moja hivi. Kikiwa na uchafu kinaanza mapema na kinajikokota.

Sasa sikia kisa kilichofanya niache kudharau hiyo namba ya pili. Muhula mmoja nafthalini, ile kemikali nyeupe tuliyokuwa tunayeyusha kwa hii test, iliisha na pesa ya labu pia imeisha, nikaenda mjini nikanunua zile tembe nyeupe watu huweka kwa nguo zisiliwe na wadudu, muuzaji akaniapia ni nafthalini kabisa. Kitabu kinasema nafthalini inayeyuka kwa digrii 80. Grupu ya kwanza wakaniletea 53. Nikawafokea, ati hamjui kusoma themometa. Grupu ya pili, 53. Ile ya tatu kuna msichana mmoja mpole sana akasimama akasema, "Mwalimu, yetu imeanza 52 na nusu, ikaisha 53 na nusu." Hapo nikanyamaza. Kwa sababu kama ni nafthalini chafu ingeburuta kutoka huko chini mpaka huko juu, lakini hii imeyeyuka mara moja, kumbe si chafu hata kidogo, ni kitu kingine kabisa. Ilikuwa paradaiklorobenzini, ndiyo wengi wanatengenezea hizo tembe siku hizi, na yake ni 53. Mimi na miaka yangu yote nilikuwa nimedanganywa na harufu, watoto na themometa ya spiriti ndio waligundua.

Hiyo ni pointi ya wazee, na ni kubwa. Video haingenionyesha hayo, video hutumia kemikali sahihi kila siku.

Kuna ingine ndogo. Maji hapa Kisumu, mita kama 1,100 juu ya bahari, huchemka kwa 96 hivi, Nakuru wako juu zaidi wanapata kama 94. Mtoto amekariri 100 akiona 96 anadhani themometa imeharibika, na nimeona hata mwalimu akiitupa. Lakini kiwango cha kuyeyuka hakijali mlima wala bonde, kiko palepale. Ukifanya zote mbili kwa somo moja mtoto anaona tofauti kwa macho yake. Tena anajua kwa nini asidi benzoiki, ambayo ni 122, huwezi kuiyeyusha kwa bika ya maji hata ukae hapo mpaka jioni, lazima mafuta.

Sasa nigeukie wale wa Nakuru, maana si wajinga.

Wanasema ni hatari, na kwa nafthalini wako sawa kuliko hata wanavyojua. Huku kanda ya ziwa tumeishi na malaria tangu mababu, na watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, upungufu ambao humkinga mtu kiasi na malaria. Mtu wa hivyo akipatana na nafthalini, seli zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Wewe una darasa la watoto 50, madirisha nusu hayafunguki, na huna njia ya kujua ni nani. Kwa hii sina utetezi. Mimi nilihamia asidi steariki, inayeyuka kwa 69, haina mvuke wa kuogopa, na ukiipoza ukichora grafu ya joto lake, inalala tambarare vizuri tu pale inapoganda.

Pia wanasema jibu lenyewe halina nguvu vile tunajifanya. Hapa nilibisha nikashindwa. Ile sakata ya mbolea feki ya 2024, jamaa yangu mmoja mkulima aliniambia, si wewe uko na labu, yeyusha hii yurea yangu tujue kama ni poa. Yurea ni 133. Shida ni kwamba mtu akichanganya yurea na mchanga, yurea itayeyuka kwa 133 ileile, maana mchanga hauyeyuki ndani yake, unakaa tu hapo kama mgeni. Uchafu unaoshusha namba ni ule unaoingiana na kitu chenyewe kikishakuwa maji. Kwa hivyo ningemwambia mbolea ni safi na nusu gunia ni changarawe. Na tena asidi sinamiki pia ni 133! Ukipewa unga bila jina ukapata 133 hujajua chochote, mpaka uuchanganye na yurea unayoijua, upime tena, ikishuka sana basi si ndugu.

Lakini angalia, mashine haiondoi hiyo shida. Ile ya dijitali ina lenzi, inaingiza kapilari tatu mara moja, haiwaki moto ovyo, sawa, naitaka hata kesho. Lakini nayo itasoma 133 na kunyamaza. Isipopimwa na kitu kinachojulikana, kama hiyo asidi benzoiki, itakudanganya kwa desimali. Shule moja naijua ilinunua, ikafungiwa kwa kabati ya prinsipo isiharibiwe, watoto wanaiona siku ya wageni. Zile kubwa za viwanda vya dawa, zinazopima hadi kiasi cha joto kinachomezwa, hizo ni habari nyingine, na hata huko 1998 dawa ya ukimwi ya ritonavir ilibadilisha umbo la fuwele ikaacha kuingiana na maji ya mwilini vizuri, kapsuli zikatolewa sokoni, na watengenezaji wake walikuwa na mashine za kila aina.

Mimi nikipewa bajeti nitanunua mashine, lakini kipindi cha kwanza kitakuwa cha mkono, asidi steariki, madirisha wazi, na sitawapa jina la kemikali. Namba pia sitaki waikariri kwanza, maana mtoto akijua ni 69 ataandika 69 hata kama themometa haijaingizwa. Nitawauliza swali moja tu, hiki kitu si nini? Hapo ndipo hii test ina nguvu, kukataa. Kukubali haiwezi peke yake, na mitihani yetu bado inawapa watoto maksi kwa kukubali.

Zile tembe bado ziko kwa shelfu, nimeandika kwa chupa na maka nyekundu: 53, uliza kabla ya kutumia.