Mwaloni ukifyekwa mara moja huongezeka

Kila baada ya moto mkubwa milimani Colorado au Utah, majimbo ya magharibi mwa Marekani, kuna wanaodai vichaka vya mwaloni vifyekwe ili watu wa bondeni wawe salama. Napinga. Si kwamba mwaloni hauungui. Unaungua vibaya sana. Shida ni kwamba panga na tingatinga hugusa sehemu ndogo tu ya mmea.

Mwaloni wa Gambel (Quercus gambelii) kwa kawaida ni vichaka vya mita chache. Nguvu yake iko chini: vifundo vya shina na mashina yanayotambaa ardhini, yaliyojaa wanga na machipukizi yaliyolala. Kinachoonekana kama miti hamsini huenda ni mmea mmoja. Uikate au uiunguze, wiki chache baadaye vinachomoza vijiti vingi kuliko vilivyokuwepo. Aliyeona miombo ikichipua baada ya wachoma mkaa kuondoka anaijua tabia hiyo. Na kaskazini mwa Utah, ambako kiangazi ni kikavu, miche inayotokana na mbegu ni adimu, hivyo ukifanikiwa kuua kichaka kabisa usitarajie kipya.

Karibu na nyumba kupunguza kunahitajika, lakini kwa utaratibu. Katika kila kichaka bakiza mashina manene kuliko yote: kivuli chake hubana machipukizi, nayo ndiyo yanayozaa mbegu nyingi. Toa vijiti vyembamba, vilivyokufa na matawi ya chini yanayoupandisha moto. Vilivyokatwa viondolewe kabisa eneo hilo. Vikiachwa vinakauka na kuwa kuni za moto uleule unaouogopa. Machipukizi yakitoka, yasubiri majani yafunguke yote, maana hapo akiba ya chini imetumika, kisha kata tena, na urudie miaka kadhaa mfululizo. Asiye na fedha za kurudia asianze.

Mbuzi wanaiweza kazi hii, mradi warudishwe. Ng'ombe usiwategemee. Majani machanga na machipukizi yana tanini nyingi, kemikali chungu inayodhuru ikizidi. Mwaloni ukizidi nusu ya chakula chao wanaugua, ukizidi robo tatu wanaweza kufa. Hatari hiyo huja hasa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, nyasi zikiwa bado fupi.

Nyasi zenyewe ndizo husahauliwa zaidi. Kati ya vichaka huota nyasi za mashungi kama Poa fendleriana na Pseudoroegneria spicata, na baina ya shungi na shungi udongo uko wazi, hivyo moto hukosa pa kukanyaga. Mifugo wakila zaidi ya nusu ya majani wakati nyasi zinakua, mizizi huanza kusimama kukua, na nafasi huchukuliwa na Bromus tectorum, nyasi vamizi inayoota vuli, kunywa unyevu wote wa mapema na kukauka kiangazi kinapoanza. Hapo vichaka vilivyokuwa mbalimbali vinaunganishwa na utambi. Katika hifadhi ya Mesa Verde, Colorado, baada ya mioto ya 1996 na 2000, vichaka vilivyochipua upesi vilistahimili magugu kuliko misitu ya misonobari na mireteni, ambayo haichipui. Tingatinga linalochimbua udongo huitupa faida hiyo.

Ukijani nao hudanganya. Tarehe 6 Julai 1994, kwenye mlima Storm King karibu na mji wa Glenwood Springs, Colorado, wazima moto 14 waliuawa na moto uliopita kasi katika mwaloni. Sehemu ya vichaka hivyo ilikuwa imepitiwa na moto wa chini uliokausha majani bila kuyateketeza. Upepo mkali ulipofika mchana, yakawaka. Mahali palipoungua chini tu, juu pakiwa na majani, si pa kukimbilia.

Dubu weusi hunenepa vuli kwa mbegu za mwaloni, na bata mzinga mwitu nao huzigombania. Sakitu ikiunguza maua mwishoni mwa majira ya kuchipua, mwaka huo mbegu hukosekana na dubu hushuka mijini kufukua mapipa ya taka. Mji unaofyeka mashina yote manene juu yake unajitengenezea uhaba wa namna hiyo, tena wa miaka mingi, kwa sababu vijiti vipya huchelewa kuzaa.