Muulizeni na Mama Aliyebaki Nyumbani

Mzee aliyepigana vita vya Kagera akitambulishwa kwa vijana wetu hapa Tabora, swali la kwanza ni "Uliua wangapi?" Linaniudhi sana swali hilo. Linamfunga mzee mdomo, na familia inabaki na picha yake ya gwanda ukutani, basi.

Tarehe tunazo. Majeshi ya nduli Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ambacho hakimo vitabuni ni kile alichorudi nacho baba yangu mdogo, aliyekwenda na mgambo.

Aliyenisimulia ni mkewe. Anasema mumewe alilala na viatu ubavuni pa kitanda, ncha zimeelekea mlangoni, kamba zimelegezwa tayari kuingiza mguu. Mvua kubwa ikipiga bati, alitoka akakaa barazani mpaka ikatike. Na mlango wa nyumba ile haukubamizwa. Sisi watoto tulilijua hilo bila kuambiwa sababu. Mwanawe wa mwisho, aliyezaliwa baada ya vita, ana nyumba yake Urambo leo, na watoto wake wanafunga mlango kwa kuusindikiza na mkono. Ukiwauliza kwa nini, wanasema ndivyo unavyofungwa.

Mama mdogo naye alikuwa na vita vyake. Msimu ule alichuma na kukausha tumbaku peke yake, usiku akichochea moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, na mtoto mgongoni, habari za mbele akizipata kwenye redio ya jirani. Vita vilipokwisha, Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mkanda, lakini dhiki ilivuka miezi hiyo ikaingia miaka ya 80. Mama mdogo anakumbuka foleni za sabuni kuliko anavyokumbuka shangwe za ushindi. Mimi nahesabu hiyo kuwa historia ya vita kamili, wala si maneno ya jikoni.

Nalisisitiza hili kwa sababu simulizi kama hizi tumeshazipoteza mara moja. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliwatoa Wajerumani Kigoma, na mwezi Septemba yakaichukua Tabora. Watu wetu walibebeshwa mizigo ya vita ile. Wa ukoo wetu aliyechukuliwa amebaki sentensi moja tu: alikwenda na mizigo ya Wadachi (Wajerumani), hakurudi. Alikuwa na mke? Nani alimlilia? Wakati wenye majibu wakiwa hai, hakuna aliyeuliza.

Kijana wa miaka 20 aliyekwenda Kagera sasa anakaribia 70. Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa, na wanastahili. Siku hiyo hiyo, kijana mwenye simu akae na babu yake arekodi. Mlikula nini njiani? Nani alikuandikia barua? Uliporudi, nani alikuwa wa kwanza kukuona? Kisha amgeukie bibi: nani alikuletea habari kwamba anarudi, na ulikuwa unafanya nini?

Mzee akinyamaza, msimlazimishe. Anzeni na bibi.