VPN ya Bure Haikufikishi Kwenye Faili za Ofisi

Waganda wengi waliijua VPN, yaani njia ya siri ya kupitisha data mtandaoni, walipoitumia kukwepa kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018. Wengine wakaijua Facebook ilipofungwa Januari 2021. Programu hizo za VPN za bure hupitisha data yako kwenye seva ya kampuni fulani ng'ambo, basi. Seva ya ofisi yako, kompyuta inayotunza faili, iliyoko mathalani Ntinda, Kampala, haiko huko. Tena zina hasara: Android hairuhusu VPN mbili ziwake kwa pamoja, kwa hiyo mfanyakazi akiwasha ile ya kufungulia Facebook, ya ofisi inazimika kimya kimya, kisha anampigia fundi simu kwamba foleda zimepotea.

Ofisi inayotaka wafanyakazi wazifikie faili wakiwa mbali ijenge VPN yake, na kwa ofisi ndogo naona programu ya WireGuard inatosha. Kikwazo cha kwanza ni ruta ya laini ya simu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP (namba ya kifaa mtandaoni), hivyo anayepiga hodi kutoka nje hafikii ruta yako hata ukiipanga vizuri namna gani. Linganisha anwani ya WAN (ya upande wa nje) iliyo kwenye ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kuangalia IP. Zikitofautiana, omba IP ya kudumu ya umma, au kodi seva ndogo mtandaoni, ofisi na wafanyakazi wote wakutane hapo.

Mafundi wengine hukwepa kazi hii kwa kufungua kwenye ruta poti (mlango wa mtandao) 445, ya faili, au 3389, ya Remote Desktop. Ni uzembe, na ulipwe kama uzembe. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kupitia 445. Poti pekee ya kufungua ni ya VPN yenyewe. Kwa WireGuard ni UDP 51820 kwa kawaida. Kila mtu apewe ufunguo wake, ili laptopu ikiibwa ufute mmoja tu.

Linalosumbua zaidi ni anwani za ndani. Ofisi ikiwa 192.168.1.x na ruta ya nyumbani nayo ni 192.168.1.x, VPN itasema imeunganishwa lakini seva haitaonekana, kwa kuwa laptopu inaitafuta humo humo nyumbani. Hamisha ofisi iende kwenye kitu kama 10.47.12.0/24, na kwenye AllowedIPs, orodha ya WireGuard ya anwani zinazopitia VPN, andika anwani za ofisi na za VPN tu; bila hivyo hata YouTube ya mtu aliye nyumbani itakula data ya ofisi, ambayo tayari ina kodi ya asilimia 12. PersistentKeepalive, ishara ndogo ya kuizuia njia isijifunge, iwe kila sekunde 25. Foleda zikionekana lakini faili kubwa zinakwama katikati, shusha MTU, ukubwa wa kila kifurushi cha data, kutoka 1420 hadi 1280. Na jina la seva likikataa, andika namba: \\10.47.12.5.

Hata hapo, usifungue faili moja kwa moja kutoka mbali. Windows huuliza seva maswali mengi madogo kabla faili halijafunguka: maswali 300, kila moja likichukua milisekunde 80, ni sekunde 24 za kutazama kioo. Nakili, fanyia kazi kwako, rudisha likiwa na herufi za jina lako mwishoni ili msifutiane. Faili la Access au la QuickBooks ni marufuku kabisa, maana mtandao ukikatika linapoandikwa linaweza kuharibika. Kwa hayo, ingia kwenye kompyuta ya ofisi kwa Remote Desktop, inayokuonyesha kioo chake ukiwa mbali, ndani ya VPN. Mtandao ukikatika, kazi inabaki wazi kule kule.

Umeme je? UPS, betri ya akiba, ibebe seva, ruta na kile kiboksi cha faiba. Wengi husahau kiboksi. Kisha ingia BIOS ya seva, mipangilio inayotangulia Windows, uiamuru ijiwashe umeme ukirudi, la sivyo ukikatika Ijumaa usiku, hakuna faili hadi mtu afike ofisini Jumatatu kubonyeza kitufe.