Sheku Kanneh-Mason na zile pauni 3,000

Wako wapenzi wa muziki wa okestra wanaoamini kwamba kila saa ambayo mpiga selo anafundisha au kuzungukia shule imeibwa kwenye mazoezi yake. Hoja yao ina uzito. Selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti na kunguruma chini ya taarab asilia ya Zanzibar, haina huruma kwa anayeipa kisogo. Vidole hupoteza shabaha, na msikilizaji hutambua.

Kwa mtazamo huo, Mwingereza Sheku Kanneh-Mason anajitawanya. Mwaka 2016 alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda shindano la BBC la wanamuziki chipukizi. Mei 2018 alipiga kwenye harusi ya Prince Harry na Meghan huko Windsor. Mwaka 2020 albamu yake yenye muziki wa mtunzi Elgar iliingia kumi bora za Uingereza, jambo ambalo hakuna mpiga selo aliyewahi kulifikia. Kwa nini basi, mwaka 2022, akubali uprofesa mwalikwa wa kulea wapigaji wachanga katika Royal Academy of Music, London, badala ya kujifungia na selo anayoipiga, iliyoundwa na fundi Goffriller mwaka 1700?

Wanaouliza hivyo wanamtazama kuanzia jukwaani. Mimi namtazama kuanzia Nottingham, alikosoma katika shule ya umma, mmoja wa watoto saba wa mama aliyezaliwa Sierra Leone na baba mwenye asili ya Antigua. Alianza selo akiwa na miaka sita. Alipokuwa na tisa alifaulu mtihani wa selo wa daraja la nane, la juu kabisa katika madaraja ya mitihani ya muziki ya Uingereza, kisha akapata ufadhili wa kusoma katika kitengo cha watoto cha Royal Academy hiyohiyo. Kipaji alikuwa nacho, lakini kila hatua ilikuwa na mlango, na kila mlango ulikuwa na mtu wa kuufungua.

Ndiyo maana siachi kuzifikiria pauni 3,000 alizoipa shule yake ya zamani ili wanafunzi kumi waendelee na masomo ya selo. Zigawe: pauni 300 kwa mtoto. Kwa nchi tajiri kama Uingereza hizo si fedha, na hapo ndipo moyo unaposononeka. Watoto hao hawakuwa wameshindwa somo. Upinde walikuwa nao mkononi, na walikaribia kuuweka chini kwa kiasi hicho tu. Hatuna hesabu ya walioacha kwenye shule ambazo hazikuwahi kumsomesha nyota yeyote, kwa sababu mtoto aliyeacha akiwa na miaka kumi na moja hahesabiwi popote kuwa mpiga selo aliyepotea.

Upo upinzani wenye nguvu zaidi, nao siupuuzi: hisani ya msanii huweza kuwa kivuli cha serikali kujifichia. Akilipa yeye, halmashauri itauliza ilipe kwa nini? Ni kweli, na wanafunzi kumi si sera. Ila mchango huo ulitangazwa, na aibu ya shule za umma kukosa fedha za muziki ikapata jina na sura. Angekaa kimya akafanya mazoezi, pengo lingebaki palepale, bila wa kulionyesha.

Tena, hofu kwamba kufundisha hudhoofisha upigaji haina mashiko hata kwetu. Dhow Countries Music Academy, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, imejengwa juu ya wapigaji wanaofundisha: mwalimu wa mchana ndiye anayekaa na kundi usiku. Chuo hicho kimewahi kukaribia kufunga milango. Kilichokisumbua kilikuwa fedha, wala si walimu kusahau kupiga.

Nakubali kwamba Kanneh-Mason hawezi kuitikia kila mwaliko, na wasimamizi wake wana haki ya kuzilinda siku zake za mazoezi. Lakini kama lazima kitu kipunguzwe, kianze na mahojiano na hafla za wafadhili. Darasa liwe la mwisho kuguswa, na bili ya wale watoto kumi ipelekwe kwenye bajeti ya elimu.