Kamera za analogi kwenye waya wa UTP: mnabishania picha, kumbe tatizo ni umeme

Dodoma ya sasa viwanja ni vikubwa, nenda Iyumbu, Nala au Mtumba, kutoka getini mpaka sebuleni mita 50 au 60 unazipata kirahisi tu, kwa hiyo kila anayefunga kamera anakutana na ubishi uleule, avute koaksi ya RG59, ule waya wa uzi mmoja katikati wenye ngao ya vinyuzi kuuzunguka, kama zamani au picha ya analogi ipite kwenye UTP, ule waya wa netiweki wenye pea nne zilizosokotwa. Mafundi wamegawanyika.

Wa koaksi wana hoja. DVR, yaani kile kisanduku cha kurekodi, na kamera vimetengenezwa kwa waya wa ohm 75, UTP ni ohm 100 (hizi ohm ni za jinsi waya unavyopokea signali, si ukinzani wa urefu wake), ukiunga hivihivi sehemu ya signali inarudi ilikotoka na unaweza kuona kivuli pembeni ya picha. Sasa kuna watu wanakata kichwa cha BNC, ile plagi ya duara ya waya wa picha, wanasokotea kwenye pea ya UTP, wanapiga tepu, picha ikianza kucheza wanasema UTP takataka. Mkuu, hapo hujajaribu UTP, umejaribu tepu.

Dawa yake ni video baluni, kidude chenye BNC upande mmoja na skrubu mbili upande wa pili, unafunga moja kwenye kamera na nyingine kwenye DVR. Inaipitisha signali kwenye nyaya mbili kinyumenyume, moja ikipanda nyingine inashuka, kelele za pampu ya maji au waya wa umeme zikiingia zinaingia kote sawasawa, na mwishoni inachukuliwa ile tofauti tu kati ya nyaya mbili, kelele zinafutana zenyewe. Koaksi haina huo ujanja, inategemea ngao yake, na hizi za bei chee ngao ni vinyuzi vya kuhesabu. Kwa mita 60 sioni sababu ya kuiogopa UTP kwenye picha. Hata king'amuzi cha sebuleni ukitaka kionekane chumbani inawezekana, pea moja waya wa njano wa picha, mbili za sauti, na moja inabaki.

Ila sasa fundi anaona pea zimebaki, anasema ngoja nipitishe na umeme wa kamera humohumo. Hapo ndo watu wanapoumia. Uzi mmoja wa UTP ya kawaida ya kopa una kama ohm 84 kwa kilomita, mita 60 kwenda na kurudi inakuwa ohm 10 hivi, kamera ikiwasha taa za usiku ikavuta ampea 0.4 umeshapoteza volti 4, yaani adapta inatoa 12 kamera inapata 8. Mchana picha safi, usiku inazima na kuwaka, na anayelaumiwa ni waya wa picha! Ukiunga pea tatu pamoja upotevu unashuka mpaka volti 1.3 hivi, hiyo kamera nyingi zinavumilia. Au weka adapta palepale getini, japo mvua za Januari na radi zake ujipange.

Wapo wanaosema achana na analogi kabisa, nenda kamera za IP, zile zinazotuma picha kama data za netiweki. Kama unaanza upya nakubaliana nao, PoE, yaani umeme kupita kwenye waya uleule wa netiweki, inausafirisha kwa volti 48 hivi, ampea zinakuwa ndogo na upotevu hausumbui, ila usizidishe mita 100. Lakini mwenye DVR na kamera nne nzima atupe vyote kisa nini? Avute UTP leo na baluni zake, akija kuhamia IP waya ni uleule, wakati mwenye koaksi atachimba upya.

Cha kuangalia ni waya wenyewe tu. Wa nje uwe mweusi wa kuhimili jua, huu wa kijivu wa ndani jua la Dodoma linaupasua, na ukiwa dukani pale Majengo omba kipande ukwangue uzi kwa kisu, ndani pakiwa peupe hiyo ni alminiamu imepakwa kopa, ukinzani wake unazidi kwa zaidi ya nusu na zile hesabu za volti hapo juu zote zinaharibika, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei.