Mali "iliyoanguka nyuma ya lori": utani wa Waingereza na mkono wa sheria

Televisheni mpya, nusu bei, risiti hakuna. Ukimuuliza muuzaji kaipata wapi, Mwingereza mwenye maneno yake anakujibu bila kupepesa macho kwamba ilianguka nyuma ya lori. Mnacheka, unalipa, unaibeba. Huo ndio usemi mashuhuri kuliko yote kati ya misemo yao ya mali ya wizi. Wanayo mingine: mali "ya moto", mali "iliyopinda". Watu wa mashariki ya London, wanaopenda kusema kwa vina, humwita mwizi "jani la chai", na kudokoa wanakuita "nusu inchi", maana kwa Kiingereza "tea leaf" (jani la chai) ina mwisho sawa na "thief" (mwizi), na "half inch" (nusu inchi) sawa na "pinch" (kudokoa).

Je, ni mzaha tu, au ni sabuni ya kuoshea wizi?

Wanaoutetea wana historia upande wao, tena si haba. Katika karne ya 18, wafanyakazi wa bandari za mto Thames, London, walihesabu makaa yaliyodondoka, sukari iliyomwagika na vipande vya mbao kuwa sehemu ya ujira. Ilikuwa desturi, na mishahara ilipangwa kana kwamba desturi ipo. Wafanyabiashara walipoamua kuwa huo ni wizi, kikosi cha polisi wa mtoni kikaanzishwa pale Wapping mwaka 1798. Oktoba ya mwaka huohuo, wapakua makaa walipotiwa hatiani kwa kuchukua makaa, umati ulikivamia kituo ukitaka kukichoma. Kwa watu wale, jana ulikuwa unachukua haki yako, leo wewe ni mwizi, na mkono ni uleule. Ukitoka huko, unaelewa kwa nini vizazi vyao vilijifunza kucheka badala ya kuona aibu. Mgao wa chakula wa wakati wa vita, ulioanza Januari 1940 na kumalizika Julai 1954, ukaongeza chumvi: nyama ya ziada ilipotokea mezani, mwenye busara hakuuliza sana.

Lakini utazame usemi wenyewe unavyofanya kazi. Televisheni ndiyo iliyoanguka, aliyeiangusha hayumo. Sisi nasi tunaujua ujanja huo tangu utotoni: sahani imevunjika, mama, wala hakuna aliyeivunja.

Na sheria ya Uingereza haicheki. Chini ya Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, mwizi anaweza kufungwa hadi miaka 7, lakini anayepokea mali ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mpokeaji ana adhabu kubwa zaidi, kwa hoja kwamba bila mnunuzi wizi hauna soko. Ila mwendesha mashtaka lazima athibitishe kuwa mnunuzi alijua au aliamini kuwa mali imeibwa. Kushuku peke yake hakutoshi. Hapo ndipo ninapoona akili ya utani huu. Muuzaji amekudokeza, lakini hajakwambia. Umeshuku, lakini unaweza kuapa kwamba ulidhani anatania. Ni kweli pia kwamba dokezo hilohilo linaweza kukugeukia mahakamani, kwa sababu nani asiyejua maana yake?

Zamani sheria yenyewe iliwahi kumpendelea mnunuzi. Katika masoko fulani ya wazi, likiwemo la Bermondsey huko London, aliyenunua mchana kweupe kwa nia njema alikuwa mmiliki halali hata kama kitu kilikuwa cha wizi. Kanuni hiyo iliondolewa kuanzia Januari 1995.

Mimi naegemea wapi? Utani huu nauona wa haki pale aliyeibiwa anapokuwa tajiri wa meli na mwizi kibarua wake. Siku hizi aliyeibiwa ni mtu aliyesimama kituo cha basi akiandika ujumbe. Oktoba 2025 polisi wa London walisema wamevunja mtandao unaodhaniwa kusafirisha hadi simu 40,000 za wizi kwenda China ndani ya mwaka mmoja. Simu ya namna hiyo haikuanguka popote: ilipokonywa mkononi, na mwenye nayo pengine bado anailipia kila mwezi.